Kwa nini mafundi wa chapa wa Uholanzi walikomalia ng'ombe wakati bandari zao zilijaa meli?

#1 Kalamu_Nyeusi

Wakuu, habari za jioni.

Makumbusho ya Rijksmuseum pale Amsterdam wameweka picha zao mtandaoni bure, unapakua unachotaka. Mimi niliingia kutafuta meli. Nchi iliyounda VOC, kampuni ya biashara ya Mashariki, mwaka 1602 na kutuma merikebu hadi Japani, nilitegemea chapa zake za karne ya 17 ziwe tanga na mlingoti mwanzo mwisho. Meli zipo. Lakini kwenye zile chapa za tindikali, ambazo fundi anachora kwa sindano juu ya bamba la shaba kisha tindikali inakula mistari, nimekutana na mifugo kila upande. Ng'ombe amelala, ng'ombe anakunywa maji, ng'ombe ametupa kisogo, ng'ombe anakojoa. Kondoo, mbuzi, punda, nguruwe. Paulus Potter alitoa mwaka 1650 mfululizo wa chapa nane za ng'ombe. Hakuna malaika, hakuna mfalme, hakuna kisa chochote kinachosimuliwa. Ni ng'ombe tu.

Wanunuzi walikuwa watu wa mjini, matajiri wa nafaka, viungo na samaki. Ng'ombe wa nini?

Dai langu ni hili: walikuwa wanajivunia maziwa. Siagi na jibini viliingiza fedha, wakamchora aliyewaletea fedha. Anayepinga aje na hoja.

#2 Bwana_Jibini

Nimetandika mkeka, wajuvi njooni. Ila mkuu Kalamu, katika picha zote za Rijksmuseum wewe ukapakua ya ng'ombe anayekojoa?

#3 MwanaHistoria77

Mleta mada, maziwa ni nusu ya habari. Katikati ya karne ya 17 zaidi ya nusu ya wakazi wa jimbo la Holland waliishi mijini, na hao ndio wanunuzi wa chapa. Hao hao, fedha za bahari zilipowazidi, walizipeleka kwenye ardhi. Chukua Beemster, kaskazini mwa Amsterdam. Lilikuwa ziwa. Wafanyabiashara wakachanga mtaji, mmojawapo Dirck van Os aliyekuwa mkurugenzi wa VOC, vinu vya upepo 43 vikavuta maji chini ya usimamizi wa Jan Adriaanszoon Leeghwater, na mwaka 1612 ziwa likawa nchi kavu. Sehemu kubwa ya ardhi ile iliyo chini ya usawa wa bahari ikaja kuwa malisho. Kwa hiyo tajiri wa Amsterdam aliyeshika chapa ya ng'ombe alikuwa anatazama mtaji wake ukicheua.

Halafu kuna siasa. Tangu mwishoni mwa karne ya 16 kulikuwa na picha za kejeli zinazoonyesha Uholanzi kama ng'ombe wa maziwa: Filipo wa Pili wa Hispania amempanda mgongoni, wengine wanamlisha, wengine wanamkamua. Vita na Hispania vilidumu miaka 80 hadi mkataba wa Münster, 1648. Potter anachapa ng'ombe wake 1650, miaka miwili baada ya amani. Ng'ombe aliyelala malishoni bila mtu wa kumsumbua, kwa kizazi kile, ni nchi iliyotulia.

#4 TanganaBara

Mbona mnakwenda mbali? Ni mazoea ya zamani tu. Lucas van Leyden alishachora mkamuaji na ng'ombe wake mwaka 1510, kwa tindikali hiyo hiyo. Hapo hakuna Beemster, hakuna VOC, hakuna Münster. Waholanzi walikuwa watu wa ng'ombe kabla ya kuwa watu wa meli.

#5 ShabaNyekundu

Mkuu Tangana, mwaka uko sawa, ufundi hauko sawa. Ile ya Lucas ya 1510 haikupita kwenye tindikali. Ni kazi ya patasi ndogo: fundi anaisukuma kwa kiganja, inachimba shaba na kutoa kijiuzi cha shaba. Kazi ile inataka mkono uliofunzwa miaka, na mstari wake unatoka safi, umevimba katikati na kuchongoka mwishoni.

Tindikali ni habari nyingine, na hapa nadhani ndipo jibu la uzi huu lilipo. Nafundisha uchapaji Dar, nimechafuka mikono kwa kazi hii muda mrefu, kwa hiyo niwaeleze kinachofanyika mezani.

Unachukua bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa. Unalipasha moto, unalipaka mchanganyiko wa nta, lami na ulimbo, tabaka jembamba. Unalifukiza kwa moshi wa mshumaa mpaka liwe jeusi tii. Kisha unachora kwa sindano. Sindano haichimbi shaba, inakwangua nta tu, kwa hiyo mkono unakwenda huru kama kalamu kwenye karatasi, na kila mstari unatoka kwa rangi ya shaba juu ya weusi. Halafu bamba linaingia kwenye tindikali, inakula pale tu palipokwanguliwa. Ukitaka ukungu wa mbali ubaki hafifu, unalitoa mapema, unaziba sehemu ile kwa vanishi, unalirudisha ili ng'ombe wa mbele aliwe zaidi na atoke mweusi. Mwisho unasafisha nta, unapaka wino, unafuta juu kwa kitambaa kisha kwa ukingo wa kiganja, wino unabaki kwenye mistari. Karatasi iliyolowekwa inapita na bamba kati ya rola mbili.

Sasa jiulizeni, ni kitu gani duniani kinachofaa mstari mfupi, huru, unaobadilika uelekeo kila nusu sentimita? Manyoya. Tazameni paji la uso la ng'ombe wa Potter, pale nywele zinapozunguka na kufanya kishungi. Kila unywele ni mguso mmoja wa sindano. Baka jeupe ubavuni halikuchorwa kabisa, ni karatasi yenyewe, na ukingo wake umepatikana kwa vimistari vya baka jeusi vinavyoishia pale. Kwa patasi, kazi hii ingekula miezi na bado ng'ombe angeonekana amevaa bati.

Hoja yangu: walichora ng'ombe kwa sababu chombo walichokuwa nacho mkononi kilikuwa kinaita ngozi na manyoya.

#6 Bwana_Jibini

Shaba umetuelimisha, asante. Kwa hiyo kuku na paka nao wangefaa. Mbona ni ng'ombe?

#7 MzeeWaMtamba

Vijana, salaam. Mimi ni mtu wa Kongwa, nimekua nyuma ya ng'ombe kabla sijashika kitabu. Sijui tindikali wala Münster. Nimefungua hizo chapa kwenye simu ya mjukuu wangu, nikakuza, nikatazama.

Huyu Potter alikaa na ng'ombe. Nawaambia kwa sababu kuna vitu huwezi kuvijua ukiwa unapita. Ng'ombe akilala, mguu wa mbele anaukunja chini ya kifua na kwato inajitokeza kidogo pembeni, na uzito wote anauegemeza kwenye paja moja, tumbo linamwagika upande wa pili. Yeye kalichora hivyo. Ngozi ya shingo inakunjana ng'ombe akigeuza kichwa, mikunjo inakuwa mingi karibu na bega na michache karibu na sikio. Kaiona. Na mifupa ya nyonga kwa ng'ombe jike aliyezaa mara kadhaa inasimama kama vigingi, huku nyuma yake panabonyea. Kaionyesha wala hakumpamba.

Kuna kitu kingine. Ng'ombe wake hawamtazami mchoraji kwa hofu. Ng'ombe akiona mgeni huinua kichwa na masikio yanakuja mbele. Hawa masikio yamelegea. Walikuwa wamemzoea.

Kwa hiyo mimi nasema alichora ng'ombe kwa sababu aliwapenda. Mbona hilo mnalikimbia?

#8 Kalamu_Nyeusi

Shikamoo mzee. Mchango wako nauhifadhi. Inasimuliwa kwamba Potter alipotoka kutembea alibeba kijidaftari, akimwona mnyama anasimama na kuchora. Alizaliwa Enkhuizen 1625, na mwaka 1643, akiwa hajafika 19, alishachapa bamba la mchungaji na kundi lake la ng'ombe. Alifariki Januari 1654 akiwa na miaka 28. Kazi zote hizo ni za kijana.

#9 MzeeWaMtamba

Marahaba mwanangu. Miaka 28! Mungu amrehemu.

#10 Dada_Rotterdam

Habari zenu. Niko Uholanzi. Niliomba nafasi kwenye chumba cha kusomea chapa, wanakuletea sanduku unakaa nalo mezani, kwa hiyo nina la kusema kuhusu ukubwa, maana kwenye simu mnadanganyika.

Hizi chapa ni ndogo. Za ng'ombe wa Potter hazizidi sana postikadi. Hazikuwa za ukutani. Watu walizihifadhi kwenye majalada na vitabu vikubwa, wakizifungua mezani pamoja na wageni. Ukiiweka karatasi chini ya mwanga wa pembeni unaona alama ya ukingo wa bamba ilivyobonyea, na wino umesimama juu ya karatasi kidogo sana, ukiwa na hamu ya kuupapasa na huruhusiwi.

Na zilitoka kwa mfululizo: chapa ya kwanza ina jina la fundi, zinazofuata ni wanyama katika mikao tofauti. Kwa nini mikao? Kwa sababu wachoraji wengine walizinunua ili kuiga. Mtu wa Haarlem anayechora mandhari na hajui kuchora mguu wa nyuma wa ng'ombe alikuwa anafungua jalada, anachagua. Bamba moja lilitoa mamia ya nakala, tena baada ya fundi kufa mabamba yaliuzwa na kuchapwa upya. Amsterdam ilikuwa na wauza chapa wakubwa kama Clement de Jonghe ambao kazi yao ilikuwa hiyo.

Kwa hiyo mimi naona jibu ni biashara ya karakana. Ng'ombe alichorwa sana kwa sababu ng'ombe alihitajika kwenye picha za watu wengine.

#11 MwanaHistoria77

Dada, hoja ya karakana naikubali kwa mfululizo. Lakini inasogeza swali nyuma tu: kwa nini hizo picha za watu wengine zilihitaji ng'ombe?

#12 Dada_Rotterdam

Rudi kwenye Beemster yako, kaka. Sikuifuta.

#13 PwaniKwetu

Ngojeni niwavuruge kidogo. Wote mnazungumza kama ng'ombe hawa wapo Uholanzi. Nusu yao hawapo! Mtazameni Nicolaes Berchem wa Haarlem, aliyezaliwa 1620 akafa 1683. Chapa zake zina magofu, vilima vya mawe, mchungaji anapiga zumari la mfuko, mwanamke amekaa juu ya punda, jua la mchana kweupe. Uholanzi gani ina vilima? Ile ni Italia, na wanazuoni mpaka leo wanabishana kama Berchem aliwahi kufika Italia. Karel Dujardin ndiye aliyefika kweli, akafia Venice 1678, naye kachora punda, kondoo na nguruwe mfululizo.

Na aliyewafungulia njia ni Pieter van Laer, Mholanzi aliyekaa Roma, aliyechapa mfululizo wake wa wanyama kule 1636. Potter alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja wakati huo. Kwa hiyo mtindo umetoka Roma, kwenye ndoto ya zamani ya wachungaji wanaoimba chini ya mti. Mtu wa mjini amechoshwa na hesabu na harufu ya mfereji, anataka kuota nchi ya joto ambako kazi ni kupiga zumari. Beemster haina nafasi hapo.

#14 MzeeWaMtamba

Mchungaji anayepiga zumari mchana kutwa ng'ombe wake wameshaingia shamba la mtu.

#15 TanganaBara

Mzee umenimaliza hapo. Kesi kwa mwenyekiti wa kijiji.

#16 ShabaNyekundu

PwaniKwetu, van Laer nakuunga mkono, watu wanamsahau. Ila mtazame tena Berchem. Magofu ni ya ndoto, ng'ombe ni wa kweli. Ile chapa yake ya 1680 ya ng'ombe anayekunywa maji, angalia alivyoacha karatasi tupu kwenye mgongo na kusokota mistari kwenye kivuli cha tumbo. Mwanga ule wa Italia wengi wanaousifu umetengenezwa kwa kutochora. Mnyama mwenyewe ana uzito wa mnyama wa jirani.

Jambo dogo kwa mnaoangalia wakamuaji: picha ya chapa hutoka imegeuzwa, kushoto inakuwa kulia. Fundi makini hulazimika hata kuandika jina lake kinyumenyume kwenye shaba. Kwa hiyo ukiona mkamuaji amekaa upande usiotarajia, usimcheke kabla hujakumbuka hilo.

#17 MzeeWaMtamba

Hilo nililiona nikanyamaza. Kwetu ng'ombe ana upande wake wa kukamuliwa, ukienda upande mwingine unakula teke.

#18 DaktariWaMifugo

Wakuu, natoka kwenye chanjo sasa hivi, nimesoma uzi wote. Niongeze mawili ya kitaalamu.

La kwanza, mzee anasifu usahihi wa Potter, na kwa chapa nakubaliana naye. Lakini ule mchoro wake mkubwa wa rangi, fahali kijana wa 1647 aliyepo makumbusho ya Mauritshuis, The Hague, wenye upana wa zaidi ya mita tatu, si mnyama mmoja. Wataalamu walishaonyesha kwamba viungo vyake vimetoka kwa wanyama wa umri tofauti, vikaunganishwa kutoka kwenye michoro ya mazoezi. Ukiutazama kwa jicho la daktari, bega na nyonga haviongei lugha moja. Kwa hiyo kijana alikuwa mkweli kwa kila kiungo na bado akatunga mnyama.

La pili, msidhani hawa ni wale ng'ombe weusi na weupe mnaowajua. Chapa hazina rangi, lakini kwenye michoro ya rangi ya wakati ule mnaona wekundu, kahawia, njano ya udongo, na wenye mabaka ya kila aina. Tena wengi walioliwa mijini hawakuzaliwa Uholanzi. Kila majira ya kuchipua maelfu ya maksai walisukumwa kwa miguu kutoka Denmark na Schleswig-Holstein, wakanenepeshwa kwenye malisho ya Kiholanzi, kisha buchani. Weusi na weupe walikuja kutawala baadaye, baada ya ugonjwa wa sotoka kufyeka mifugo karne ya 18.

#19 KinangopWaMaziwa

Daktari, hapo umenigusa kabisa. Mimi ni mkulima wa maziwa huku Nyandarua, Kenya, na zizini kwangu ni Friesian watupu. Walowezi ndio waliowaleta huku mwanzoni mwa karne ya 20, leo nenda Kinangop, nenda Kilimanjaro, nenda Njombe, utamkuta. Nilidhani natazama nyanya ya ng'ombe wangu kwenye chapa ya 1650, kumbe ni jamaa wa mbali tu!

Lakini kuna kitu hakikubadilika. Kuna chapa ya Adriaen van de Velde ya ng'ombe aliyelala ametazama pembeni. Ule uso wa kucheua, jicho limefunga nusu, taya ya chini imesogea upande. Wangu anaitwa Wanjiku, saa nane mchana yuko hivyo hivyo. Nimeichapisha kwenye karatasi na kuibandika kwenye kibanda cha maziwa.

#20 Bwana_Jibini

Wanjiku aandikishwe chamani, tayari ana picha makumbusho.

#21 MwanaHistoria77

Mama Wanjiku umemtaja Adriaen van de Velde na umenipa silaha. Mleta mada aliuliza meli dhidi ya ng'ombe. Basi swali hilo lilikuwa ndani ya nyumba moja! Baba, Willem van de Velde mkubwa, alichora meli maisha yake yote, alipanda hata kwenye mashua wakati wa vita vya baharini ili achore. Mtoto wake Willem mdogo akawa bingwa wa picha za bahari, na baba na mwana wakaishia kuhamia Uingereza. Adriaen, mtoto mwingine wa nyumba hiyo hiyo, aliyezaliwa 1636, akachagua ng'ombe na kondoo. Alikufa 1672, kabla ya kutimiza miaka 36. Wachoraji wenzake walikuwa wakimpa mandhari zao awawekee wanyama na watu.

Kwa hiyo soko lilikuwa na nafasi ya wote wawili. Huyu mnunuzi wa meli na yule wa ng'ombe huenda ni mtu mmoja mwenye jalada moja.

#22 Kalamu_Nyeusi

Hii ya familia ya van de Velde imenifurahisha kuliko yote. Lakini inamsaidia mzee, haikusaidii wewe! Mtoto aliyelelewa na meli, njia ya wateja imeshafunguliwa na baba, anageuka anakwenda malishoni. Hilo si soko, hilo ni mapenzi.

#23 MwanaHistoria77

Au kaka yake alishaziba nafasi ya meli, ikabidi atafute kona yake. Soko hilo hilo.

#24 Msomaji_Kimya

Miaka yote nasoma tu humu, leo nauliza. Hakuna aliyetaja dini. Waholanzi wale wengi walikuwa Wakalvini, yaani Waprotestanti, makanisa yao waliyaondolea picha. Mchoraji aliyekuwa anaishi kwa kazi za kanisa ilibidi atafute mteja mwingine. Je, ng'ombe hakuchukua nafasi ya watakatifu kwenye riziki ya mafundi?

#25 PwaniKwetu

Karibu kwenye mazungumzo. Inaeleza kwa nini picha za kidini zilipungua makanisani, haielezi kwa nini ng'ombe. Wangeweza kuishia kwenye maua na vyombo, na wengine waliishia huko. Na chapa za visa vya Biblia ziliendelea kutoka, Rembrandt peke yake kazijaza. Hata humo wanyama wamo: ile yake ya 1634, malaika akiwatokea wachungaji usiku, ng'ombe na kondoo wanatawanyika huku na huku kwa hofu, hakuna aliyepiga magoti.

#26 MzeeWaMtamba

Ndivyo ilivyo. Mwanga wa ghafla usiku, kundi linavunja zizi. Huyo naye aliwahi kuona.

#27 ShabaNyekundu

Mkimtaja Rembrandt msiruke nguruwe wake wa 1643. Kwangu ndiyo chapa kali kuliko zote za mifugo katika karne ile.

Nguruwe jike amelala kwa ubavu, miguu imefungwa kamba. Amechukua sehemu kubwa ya mbele ya bamba. Nyuma yake, kwa mistari hafifu ambayo tindikali imeigusa kidogo tu, wapo watu, watoto wakiwemo, wanasubiri kuchinja. Watu wamechorwa haraka haraka. Nguruwe amechorwa kwa upole: vigaga vya ngozi, singa moja moja mgongoni, sikio limeanguka juu ya jicho. Kamba ile ya miguuni ndiyo mistari iliyokolea. Jicho lako linatoka usoni, linapita tumboni, linafika kwenye kamba, na hapo unaelewa. Hakuna damu wala kisu mbele yako.

Sasa niambieni, hii ni fahari ya maziwa? Ni mtaji? Ni ndoto ya Italia?

#28 Ustadh_Mkoani

Sisi nguruwe hatuna habari naye, lakini nimeifungua picha baada ya kusoma maelezo yako na nimebaki naitazama. Adabu ya kuchinja kwetu ni kutomwonyesha mnyama kisu wala kumchinja mbele ya mwenzake. Aliyechora hii alikuwa anaujua unyonge wa mnyama aliyefungwa.

#29 TanganaBara

Wengine watasema ni chakula tu. Msimu wa kuchinja ulikuwa Novemba, nyama inatiwa chumvi ya majira ya baridi, na watoto walifurahia kibofu cha nguruwe, wanakipuliza kama mpira. Wachoraji wengi wa Kiholanzi walichora siku hiyo kama sherehe. Si lazima kila picha iwe na huzuni.

#30 ShabaNyekundu

Sherehe ipo nyuma, nakubali. Mbele yupo mwenye kulipia sherehe. Rembrandt kaweka vyote viwili, na kachagua nani akolezwe.

#31 Bwana_Jibini

Nguruwe kaniliza. Nirudisheni kwa ng'ombe anayekojoa, uzi ulikuwa na furaha.

#32 Dada_Rotterdam

Basi sikia. Inasimuliwa kwamba Potter alichora picha kubwa ya rangi mwaka 1649 kwa ajili ya Amalia van Solms, mjane wa mwanamfalme Frederik Hendrik. Shamba zuri, mifugo ya kila aina, mwanga wa jioni, na katikati ng'ombe anakojoa. Mtu akamnong'oneza mama kwamba si kitu cha kuning'iniza kwenye nyumba ya heshima, picha ikarudishwa. Leo ipo makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg. Potter baadaye akahamia Amsterdam kwa mwaliko wa daktari Nicolaes Tulp, yule yule aliyechorwa na Rembrandt akipasua maiti 1632.

Kwa hiyo Kalamu asichekwe. Ng'ombe anayekojoa ana historia ya ikulu.

#33 KinangopWaMaziwa

Mwenye nyumba ya heshima hanywi maziwa? Ng'ombe asiyekojoa ni wa kuitiwa daktari.

#34 DaktariWaMifugo

Haraka sana, hata usiku.

Nirudi kidogo kwenye sotoka, kwa sababu chapa zina kumbukumbu yake. Uholanzi ilipigwa mara tatu karne ile ya 18: kuanzia 1713, kisha 1744, kisha 1768. Mwaka 1745 fundi Jan Smit alitoa chapa inayoonyesha mizoga ikifukiwa na kuitaja kuwa ni mkono wa Mungu juu ya nchi. Ni ufundi ule ule wa sindano na tindikali, lakini miguu iko juu. Ugonjwa huo huo uliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kumaliza ng'ombe wa Wamaasai na majirani zao, na dunia haikutangazwa kuwa huru nao hadi 2011. Nikiangalia ng'ombe wa Potter wamelala, siwezi kuacha kuwaza kwamba vizazi vichache mbele, malisho yale yale yatachimbwa mashimo.

#35 MzeeWaMtamba

Babu yangu aliusimulia huo mwaka. Alisema fisi walishiba mpaka wakaacha kulia.

#36 Msomaji_Kimya

Asante daktari, asante mzee. Nina swali la mwisho kwa Shaba. Potter alichora kifo? Maana kila mtu humu anasema amani, amani.

#37 ShabaNyekundu

Alichora. Mwaka 1652 alitoa chapa tano za farasi. Kuna farasi wa Friesland amesimama kifua mbele, mnene, shingo imepinda kwa majivuno. Kuna anayelia kichwa juu. Kuna aliyekatwa mkia. Kuna wawili wa plau, vichwa vimeinama, mbavu zimeanza kuhesabika. Ya tano ni farasi mkongwe, mifupa inatokeza, amesimama, na karibu yake umelala mzoga wa farasi mwingine.

Wengine wanasema ni umri wa maisha ya farasi, kuanzia ujana hadi mauti, na kwamba mnunuzi alitakiwa ajifikirie mwenyewe. Wengine wanasema ni mikao mitano ya kuigwa, kama alivyoeleza Dada, na mzoga nao ni mkao.

#38 PwaniKwetu

Mikao ya kuigwa haianzi na aliyenona ikaishia kwenye mzoga. Huo ni mpangilio wa mtu anayesema kitu.

#39 Dada_Rotterdam

Mpangilio huo tunaupanga sisi tukiwa na karatasi tano mezani. Aliyenunua moja tu, ya farasi wa Friesland, alikuwa na farasi mzuri wa kuangalia, basi.

#40 MzeeWaMtamba

Nimeikuza hiyo ya tano. Yule aliyesimama miguu ya mbele ameitanua kidogo. Mnyama dhaifu husimama hivyo asianguke.